Gari la sloti la 1:32 linarukaruka upande wa nyuma baada ya kuondolewa sumaku: tuanze kupima wapi?

#1 MwendoWaKona (Nairobi)
Wakuu, salaam. Ninalo gari la sloti (kigari cha umeme cha kuchezea kinachofuata mfereji wa barabara yake) la kipimo cha 1:32, ambalo mota yake imelazwa sambamba na ekseli ya nyuma; gia ndogo ina meno 11 na gia kubwa ina meno 36. Likiwa na sumaku chini ya chesisi lilipita kona zote bila shida, lakini tangu niitoe, kila ninapoongeza umeme kutoka kwenye kona sehemu ya nyuma inatetemeka na kurukaruka, kisha ulimi wa kuongozea unachomoka kwenye mfereji na gari linapinduka. Sitaki kuirudisha sumaku. Mashindano yetu ya nyumbani, mimi na binamu zangu, ni ya magari yasiyo na sumaku, na kwa maoni yangu sumaku huficha tabia halisi ya gari, kwa sababu huwezi kujua kama tairi ni duara au kama chesisi imenyooka ilhali kuna nguvu inayolibandika gari kwenye reli (vipande vya chuma vya barabarani vinavyopitisha umeme) wakati wote. Barabara yangu ni ya vipande vya plastiki juu ya meza, ina njia mbili, na transfoma inatoa volti 12. Je, kwa gari la namna hii mnaanza kupima nini, na kurukaruka huku kunatokana na nini hasa?

#2 MsasaNaGundi
Mkuu, anza na tairi kabla ya kitu kingine chochote. Tairi nyingi za mpira huvalishwa kwenye rimu bila gundi na hazitoki kiwandani zikiwa duara kamili. Sumaku ikiwepo gari halipati nafasi ya kuruka, hivyo kasoro haionekani. Vua tairi, safisha rimu kwa spiriti, paka gundi ya haraka kidogo, rudisha tairi na uliache gari likauke usiku kucha. Kisha bandika msasa namba 240 juu ya ubao ulionyooka, shika gari ili magurudumu ya nyuma yauguse msasa kidogo tu, na uendeshe mota kwa volti 4 au 5 mpaka tairi isuguliwe sawasawa. Malizia kwa namba 400. Kabla ya kusugua, pitisha kalamu ya wino mzito juu ya tairi yote, kwa kuwa pale wino unapobaki ndipo palipo na bonde. Mwishowe lainisha ukingo wa nje uwe wa mviringo, maana ukingo mkali hung'ang'ania barabara wakati gari linaserereka, na hapo ndipo linapopinduka.

#3 TransfomaKubwa (Dar es Salaam)
Kabla hajashika msasa, ashushe volti. Volti 12 zinafaa gari lililobanwa na sumaku. Mota ya kawaida ya magari haya huzunguka takriban mara 18,000 kwa dakika kwenye volti 12, na kwa volti 10 itazunguka karibu 15,000, kasi inayotosha kabisa kwa meza ya nyumbani. Tairi inapopewa nguvu kuliko mshiko wake, lazima itafute pa kuitoa nguvu hiyo.

#4 GiaNaBushi (Munich)
Ndugu TransfomaKubwa, nakubaliana nawe kuhusu volti lakini si kuhusu sababu. Nguvu ikizidi mshiko, gari huserereka, haliruki. Ili liruke lazima kuwe na kitu kinacholisukuma juu, na katika gari ambalo mota imelazwa sambamba na ekseli, kitu hicho mara nyingi ni mota yenyewe. Mota inaposukuma gia kubwa, gia hiyo nayo huisukuma mota upande wa pili, na kama mota imeshikwa na vibanio vya plastiki tu, itainuka kidogo, irudi, iinuke tena. Hali ni hiyo hiyo kwa bushi, yaani vipete vinavyoishikilia ekseli: zikicheza ndani ya chesisi, ekseli hupanda na kushuka kila umeme unapoongezwa. MwendoWaKona, shika mota kwa vidole viwili uitikise, kisha shika ekseli uitikise juu na chini bila kuizungusha. Kitu chochote kinachocheza kipe tone la gundi, ila uwe mwangalifu isiingie kwenye shimo la bushi wala kwenye shafti ya mota.

#5 KiooMezani
Mimi sianzi na tairi wala mota. Naanza na kioo. Chukua kipande cha kioo kinene, au ubao ulionyooka wenye mfereji katikati, uliweke gari juu yake na uangalie kama magurudumu manne yanakaa bila kutikisika. Magurudumu ya mbele yaguse kwa uchache sana, kwa sababu uzito wa mbele unapaswa kubebwa na ulimi. Yakiubeba yenyewe, ulimi unaelea na hauingii mferejini kwa kina chake chote. Zitazame pia brashi za shaba zilizo chini ya ulimi. Zikiwa nene au zimekunjwa vibaya huinua pua ya gari, na gari lenye pua iliyoinuka halipimiki kwa lolote. Baada ya hapo legeza skrubu za bodi kwa nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, ili bodi iweze kutikisika kidogo juu ya chesisi. Bodi iliyokazwa sana hugeuza gari zima kuwa kipande kimoja kigumu, na kila mtikisiko wa nyuma hufika moja kwa moja kwenye ulimi.

#6 MwendoWaKona
Asanteni. Nimeliweka gari kwenye kioo na gurudumu la mbele la kushoto linaelea kidogo, kiasi cha unene wa karatasi. Mota haichezi, ila bushi ya upande wa gia inacheza. Bodi ilikuwa imekazwa kabisa, nami nimeilegeza. Kuruka kumepungua lakini hakujaisha.

#7 MzeeWaReli
Kuna jambo napenda kuliongeza kwa vijana wanaodhani sumaku imekuwepo tangu mwanzo. Scalextric, chapa maarufu ya magari haya, ilipoanza mwaka 1952 magari yalikuwa ya bati, barabara ilikuwa ya mpira, na gari lilishikwa barabarani na uzito wake tu. Watu walijifunza kuachia umeme kabla ya kona na kuurudisha taratibu, na ufundi huo ndio MwendoWaKona anaoutafuta sasa.

#8 Kumbukumbu57
Mzee wangu, shikamoo. Naomba kurekebisha mwaka. Mwaka 1952 ni wa Scalex, magari ya springi ya kampuni ya Minimodels ya Fred Francis huko Uingereza. Scalextric yenyewe, yaani yale yale yaliyotiwa mota ya umeme na kuwekwa kwenye barabara yenye mifereji, ilionyeshwa mwaka 1957 katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Kuhusu bati, mpira na kukosekana kwa sumaku umesema kweli. Sumaku za kuongeza mshiko ziliingia kwenye magari yao mwishoni mwa miaka ya 1980. Jingine linalofaa kukumbukwa ni kwamba mpaka leo, wale wanaochonga barabara ya mbao na kuibandika tepe ya shaba hawapati faida yoyote kwa sumaku, kwa kuwa shaba haivutwi nayo.

#9 MzeeWaReli
Marahaba. Nimepokea.

#10 PichaPolepole (Leicester)
Naona kila mmoja ana mshukiwa wake na hakuna aliyependekeza namna ya kuwatenganisha. Simu nyingi za sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde, na kwa kazi hii zinatosha. Tairi ya kipenyo cha milimita 20 ina mzingo wa karibu milimita 63. Gari likipita kona kwa mita 1.5 kwa sekunde, gurudumu huzunguka karibu mara 24 kwa sekunde, yaani utapata takriban picha 10 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Weka doa la rangi nyeupe ubavuni mwa tairi, rekodi ukiwa usawa wa meza, kisha uangalie doa liko wapi kila gari linaporuka. Likiwa mahali pamoja kila mara, na umbali kati ya ruko na ruko ukiwa karibu milimita 63, basi tairi, rimu au ekseli haiko sawa. Gari likiruka mahali pale pale pa barabara bila kujali doa, tatizo ni kiungo cha barabara. Likiruka bila kufuata doa wala kiungo, ndipo turudi kwa GiaNaBushi. Meno ya gia yaondoeni kwenye orodha ya washukiwa wa kuruka kunakoonekana kwa macho: gia ya meno 36 hugonga mara 36 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na hilo utalisikia kama mlio.

#11 BintiWaMuscat
Hongera kwa hesabu, ndugu PichaPolepole. Kuna uwezekano mwingine ambao haumo kwenye orodha yako: mshiko uliozidi. Tairi laini sana hushika, hujikunja, huachia, kisha hushika tena, na marudio hayo hayafuati mzunguko wa gurudumu. Hapa kwetu chumba kikiwa na kiyoyozi na madirisha yamefungwa, gari linaruka kwenye kona. Tukifungua dirisha na vumbi laini la mchanga likatua barabarani, kuruka kunakoma ingawa gari linakuwa la polepole. Gari halikubadilika. Kilichobadilika ni mshiko.

#12 MsasaNaGundi
BintiWaMuscat, unatumia tairi za namna gani? Silikoni au mpira?

#13 BintiWaMuscat
Silikoni kwa gari langu, mpira kwa la mdogo wangu. La silikoni ndilo linaloruka zaidi barabara ikiwa safi, na ndilo linaloteleza vibaya zaidi vumbi likiingia, mpaka nizungushe magurudumu juu ya gundi ya utepe ili kuyasafisha.

#14 MsasaNaGundi
Ndivyo nilivyotarajia. Silikoni haisuguliki vizuri kwa msasa wa kawaida, kwa hiyo isipokuwa duara kuanzia kiwandani, au rimu ikiwa imepinda, inabaki hivyo. Huenda unachokiita mshiko uliozidi ni tairi isiyo duara ambayo vumbi linaificha, kama sumaku inavyoficha. Anayetaka kitu kinachoshika vizuri kwenye plastiki na kinachokubali msasa ajaribu yurethani.

#15 PwaniYaChumvi (Mombasa)
Hamjambo. Nimesoma kote na sijaona aliyezungumzia reli zenyewe. Sisi wa pwani tunajua kwamba reli za chuma cha kawaida hupata kutu nyembamba isiyoonekana kwa jicho, hasa kwenye viungo, kwa sababu ya unyevu na hewa ya chumvi. Gari linapopita juu ya kutu umeme unakatika kwa muda mfupi mno, mota inapoteza nguvu kidogo, umeme unarudi, na mtazamaji anaona gari linarukaruka. Futa reli kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na penye kutu tumia kifutio kigumu cha wino. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo hushika kutu upesi zaidi. Reli za chuma kisichoshika kutu, kama za Carrera, zina nafuu kubwa kwa mtu wa pwani.

#16 GiaNaBushi
Nauliza kwa nia njema: MwendoWaKona yuko Nairobi, hewa ya chumvi imefikaje huko?

#17 PwaniYaChumvi
Ndugu yangu, viungo hulegea hata Nairobi. Kutu ni sababu mojawapo tu ya umeme kukatika.

#18 TransfomaKubwa
Hapo PwaniYaChumvi amenirudisha kwenye hoja yangu. Weka kontrola (kifaa cha mkononi cha kuongeza na kupunguza umeme) kwenye nguvu yote, zuia gurudumu la nyuma kidogo kwa kidole ili mota ivute umeme, na upime volti kwa multimita, kwanza karibu na kipande kinachopokea umeme, kisha upande wa mbali kabisa wa barabara. Tofauti ikizidi volti moja, kona ya mbali haipati umeme sawa na kona ya karibu, na mkono wako unajifunza kukaza zaidi kule na kuzidisha huku. Dawa ni kuvuta, kwa kila njia, nyaya mbili za ziada kutoka kwenye reli za kipande kinachopokea umeme hadi upande wa mbali na kuziunga chini ya reli za njia hiyo hiyo, kwa uangalifu mkubwa wa chanya na hasi.

#19 KiooMezani
TransfomaKubwa, tunakupenda, ila hata gari likikosa gurudumu utashauri tupime volti.

#20 TransfomaKubwa
Nitashauri, na mara nyingi nitakuwa sahihi.

#21 MotaMajini
Wakati mnasubiri vipimo, naomba kuuliza kuhusu mota mpya. Nimesikia kwamba mota huzamishwa ndani ya maji safi na kuendeshwa kwa volti 3 kwa dakika chache, ili kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zikae vizuri kwenye komuta, ile sehemu ya shaba inayozunguka na kuzigusa, kisha hukaushwa na kutiwa oili. Je, hili lina faida kwa gari kama la MwendoWaKona?

#22 GiaNaBushi
Mimi sifanyi hivyo. Maji hupunguza kaboni haraka, na mota ya gari la kawaida haina kaboni nyingi za kupoteza. Tena maji yakibaki ndani, chuma cha ndani hupata kutu. Iendeshe ikiwa kavu, bila mzigo, kwa volti 3 au 4 kwa saa kadhaa, na kaboni zitakaa zenyewe.

#23 MsasaNaGundi
Wapo wanaozamisha na mota zao zinakimbia vizuri sana, kwa hiyo nisingelikataa moja kwa moja. Hata hivyo, mota laini huongeza mwendo tu, haiondoi kuruka. Tusimtoe mwenye uzi kwenye njia yake.

#24 MwendoWaKona
Nimerudi na majibu. Bushi nimeibana kwa gundi. Tairi nimezigundisha na kuzisugua, na wino ulionyesha kwamba ya kulia ilikuwa na bonde refu, kama MsasaNaGundi alivyobashiri. Reli nimezifuta. Volti zinapungua kwa 0.4 tu upande wa mbali. Kisha nikarekodi. Kwenye njia ya nje gari haliruki tena, na mwendo wake umekuwa wa kutabirika kiasi kwamba naweza kuongeza umeme mapema zaidi kwenye kila kona. Kwenye njia ya ndani, katika kona moja iliyobana, bado linaruka. Doa jeupe haliko mahali pamoja, na umbali kati ya ruko na ruko haulingani, mara milimita 40, mara 50, mara 30. Hakuna kiungo cha barabara mahali hapo.

#25 MsasaNaGundi
Tairi imeshinda njia ya nje. Naomba hilo liandikwe.

#26 PichaPolepole
Limeandikwa, lakini njia ya ndani inawanyima ushindi wengi. Si tairi, kwa sababu doa halirudi mahali pake. Si kiungo.

#27 BintiWaMuscat
Basi ni mshiko unaoshika na kuachia, kama nilivyosema #11. Sasa tairi zake zimesuguliwa, zinagusa barabara kwa upana wote, na mshiko umeongezeka.

#28 EkseliNgumu
Nimekuwa msomaji tu, sasa nachangia. Magari haya hayana difu. Gurudumu la kulia na la kushoto yamefungwa kwenye ekseli moja na lazima yazunguke sawa, ilhali kwenye kona la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Chukua njia yenye nusu kipenyo cha milimita 200 na tairi ambazo vituo vyake vimeachana kwa milimita 50. Tairi ya nje inapita kwenye duara la milimita 225, ya ndani kwenye duara la 175, yaani safari ya nje ni ndefu kwa zaidi ya robo. Lazima tairi mojawapo iteleze katika kona nzima. Kwenye njia ya nje nusu kipenyo ni kikubwa zaidi, tofauti inapungua, na gari linatulia. Ninachokisema hakipingani na hoja ya BintiWaMuscat, bali kinaeleza kwa nini tatizo liko njia ya ndani peke yake.

#29 GiaNaBushi
Maelezo mazuri, ila difu hazimo kwenye magari ya kawaida ya namna hii, na magari mengi hupita kona hiyo hiyo bila kuruka. Kwa hiyo ndani ya gari hili bado kuna kitu. MwendoWaKona, bushi ya upande wa pili uliikagua baada ya gundi kukauka?

#30 MwendoWaKona
Ndiyo, haichezi. Ekseli inazunguka kwa wepesi.

#31 RisasiGramuTano
Uzito je? Weka magurudumu ya nyuma juu ya mzani wa jikoni na ulimi juu ya kitu chenye kimo sawa na mzani, soma namba, kisha ugeuze. Gari jepesi la nyuma huruka kwa urahisi kwa kuwa hakuna kinachoirudisha tairi chini. Bandika vipande vidogo vya madini ya risasi, gramu tano kwa kuanzia, chini kabisa ya chesisi mbele kidogo ya mota, kamwe si juu. Mimi hulipima gari kwa mizunguko mingi mfululizo na kutazama tofauti kati ya mzunguko wa kasi na wa polepole, badala ya kufurahia ule mmoja wa kasi. Risasi ikiongeza muda kidogo lakini ikapunguza tofauti hiyo, inabaki.

#32 KontrolaMkononi
Hata kontrola ina neno. Kontrola ya kawaida ya omu nyingi (yenye ukinzani mkubwa wa umeme) hutoa umeme kwa hatua, na mwanzoni mwa kidole hatua hizo ni kubwa. Kwenye kona iliyobana kidole hakiwezi kukaa katikati ya hatua mbili, kwa hiyo mota inapokea nguvu kwa mishtuko. Mtu mwingine aendeshe gari hilo hilo kwa kontrola nyingine.

#33 MwendoWaKona
Nyuma ni gramu 51, mbele ni 30. Binamu yangu ameliendesha kwa kontrola yake ya elektroniki: linaruka, lakini kidogo. Nikiweka risasi gramu tano, linaruka kidogo pia. Nikishusha volti hadi 10, haliruki kabisa, lakini kwenye sehemu iliyonyooka linapitwa na gari lake.

#34 TransfomaKubwa
Sina la kuongeza.

#35 GiaNaBushi
Volti 10 zimepunguza dalili, hazijaondoa chanzo.

#36 BintiWaMuscat
Au zimepunguza mshiko na kasi kwa pamoja, na hapo hatuwezi kujua kipi kimefanya kazi. Jaribu volti 12 kwa tairi nyembamba zaidi, usibadilishe kingine.

#37 KiooMezani
Kabla ya kununua tairi, turudi kwenye lile gurudumu la mbele la kushoto lililokuwa likielea kwa unene wa karatasi. Hatujalimaliza. Kama chesisi imepinda, uzito wa nyuma hauko sawa kati ya kulia na kushoto, na kona ya upande mmoja itakuwa mbaya kuliko ya upande mwingine. Je, kona hiyo ya njia ya ndani inapinda kulia au kushoto?

#38 MwendoWaKona
Kulia. Na sasa nakumbuka kwamba kona inayopinda kushoto, ambayo imebana vile vile, haina shida.

#39 KiooMezani
Basi toa mota, ekseli na ulimi, ifunge chesisi kwa skrubu au mipira juu ya kipande cha chuma kilichonyooka, itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, uiache ipoe humo humo ikiwa imefungwa. Irudishe kwenye kioo kabla ya kufunga chochote.

#40 EkseliNgumu
Na ukiirudisha barabarani, endesha mwelekeo wa kawaida, kisha geuza mbio ziende kinyume ili kona ya kulia iwe ya kushoto. Kuruka kukibaki kwenye kona ile ile, chesisi haina hatia.